Kurekebisha mapigo ya saa kwa namba: maana yake

Nikiwa mdogo pale Mwanga, Kigoma, nilipenda kumtazama fundi saa akiwa na kioo chake jichoni. Ndani ya saa mna kijiti kidogo cha kuiharakisha au kuichelewesha, upande mmoja alama ya kujumlisha, upande wa pili ya kutoa. Anakisogeza kwa upana wa unywele, anafunga mfuniko, anasema, "Rudi kesho mjukuu wangu, tuone."

Shida yote imo katika hiyo "kesho tuone". Fundi hajui amesogeza kiasi gani mpaka saa yenyewe imjibu.

Saa za elektroniki zina shida hiyohiyo. Moyo wake ni osileta, saketi inayotoa mapigo kwa kutikisa fuwele ya kwatzi: mara 32,768 kwa sekunde kwenye saa ya mkononi, na kwa kawaida mara milioni 10 (megahezi 10) kwenye vyombo vya maabara na mawasiliano. Fuwele huzeeka, na joto huiyumbisha. Zamani ilirekebishwa kwa kukaza kiskrubu au kubadilisha volteji kidogo, lakini volteji nayo huyumba, na hatua moja hailingani na inayofuata.

Usanisi wa kidijitali unaiacha fuwele kama ilivyo. Mapigo yake yanatumika kuhesabia tu, na wimbi jipya linajengwa kutokana na hesabu hiyo.

Chukua mama anayepima mawese sokoni. Ana madumu ya lita 20 na jagi la lita 3, naye anamimina jagi moja kila kengele inapolia. Jagi la saba linafikisha lita 21, kwa hiyo dumu limejaa na lita moja inaanzia dumu la pili. La pili nalo linajaa kwa majagi saba, zinabaki lita mbili. La tatu linajaa kwa majagi sita, bila masalia. Madumu matatu kwa kengele 20, kamili, ingawa 20 haigawanyiki kwa 3. Siri ni kwamba hakuna tone linalomwagwa. Ukitaka madumu yajae haraka kidogo, usiguse kengele; ongeza jagi kwa tone moja.

Kengele ni fuwele. Dumu ni rejista, yaani sehemu ya saketi inayotunza namba, inayojumlisha namba ileile kila pigo, na jagi ni namba hiyo. Kina cha mafuta kinaonyesha wimbi limefika wapi: jedwali linageuza kina hicho kuwa kimo cha wimbi, kigeuzi kinakifanya volteji, kisha kichujio kinalainisha ngazi zilizobaki.

Sasa tazama ukubwa wa tone. Rejista ya biti 48 (nafasi 48 za sifuri au moja) inahesabu hadi zaidi ya trilioni 281. Ikiendeshwa kwa megahezi 100, ili itoe megahezi 10 jagi linakuwa karibu trilioni 28. Ongeza 1 tu kwenye namba hiyo: saa itatangulia takriban nanosekunde 3 kwa siku, yaani sehemu tatu za bilioni ya sekunde. Ukiiacha hivyo, itachukua karibu miezi 11 kutangulia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukiondoa ile 1, unarudi palepale ulipokuwa. Kijiti cha fundi hakikuwa na ahadi hiyo, na kwangu huo ndio uzuri mkubwa wa njia hii.

Ina gharama yake. Jedwali haliwezi kubeba biti zote 48, hivyo za mwisho hukatwa, na ukataji huo huzaa mawimbi madogo ya pembeni yasiyotakiwa. Wabunifu huhangaika nayo sana.

Tena namba haiwezi kujua yenyewe kwamba saa imekosea. Lazima pawepo kipimo cha nje, kwa mfano ishara za muda kutoka setilaiti za GPS. Mnara mkubwa wa simu hauruhusiwi kukosea masafa yake (idadi ya mapigo kwa sekunde) zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Katika chombo kinachotumia njia hii, kompyuta ndogo hulinganisha mapigo na ishara za setilaiti, inaona yamechelewa kiasi gani, inaandika namba mpya, huku fuwele ikiendelea kutikisika bila kuguswa.