Je, utajuaje kama kituo cha kusafishia damu kinaisafisha kweli?

Shangazi yangu alipoanza kusafishwa damu, sisi wa nyumbani tulikipenda kituo kwa sababu ya vigae. Sakafu iling'aa, kiyoyozi kilivuma vizuri, na viti vilikuwa vipya. Ukitoka nje kwenye jua la Mombasa ukaingia mle, unasema hapa ndipo. Baada ya miezi mitatu miguu ilikuwa imemvimba, chakula hakimpiti kooni, na usiku ngozi inamwasha mpaka anajikuna kwa kitana. Tukadhani ndivyo maradhi ya figo yalivyo.

Siku moja nikakaa naye tangu mwanzo hadi mwisho, nikawa naandika nyakati nyuma ya risiti. Aliunganishwa na mashine saa mbili na dakika kumi asubuhi. Alifunguliwa saa tano na dakika ishirini. Daktari alikuwa ameandika asafishwe kwa muda wa saa nne kamili, lakini alipewa muda wa saa tatu na dakika kumi, kwa sababu mgonjwa wa zamu ya pili alikuwa ameshafika na kitanda kinatakiwa. Mara iliyofuata, vivyo hivyo. Dakika 50 zikikatwa mara mbili kwa wiki, kwa mwaka zinafika karibu saa 87, yaani zaidi ya vikao 21 vizima ambavyo vilihesabiwa kuwa vimefanyika na havikufanyika.

Figo nzima hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Mashine inapewa saa 8, au 12 kwa mwenye bahati. Ndiyo maana kitu cha kwanza kabisa cha kukagua kituo ni saa ya ukutani, na hakihitaji elimu yoyote ya udaktari.

Cha pili kinataka hesabu ndogo. Ndani ya lile chujio la plastiki linaloning'inia ubavuni mwa mashine kuna maelfu ya mirija myembamba kama unywele. Damu inapita ndani ya mirija, na nje yake yanapita maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu. Takataka za damuni hupenya kuta za mirija na kuondoka na maji. Takataka inayopimwa zaidi ni yurea. Inachukuliwa damu kidogo kabla ya kuanza, na nyingine kikao kinapokwisha, baada ya kupunguza kasi ya pampu ili kipimo kisidanganye. Tuseme yurea ya mwanzo ni 28 na ya mwisho ni 9. Zimeondoka 19 kati ya 28, sawa na asilimia 68. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki ni asilimia 65. Vituo vingine vinatumia kipimo kiitwacho Kt/V, kinacholinganisha kiasi kilichosafishwa na maji yaliyomo mwilini, kilichoenezwa na Frank Gotch na John Sargent mwaka 1985. Hapo kiwango cha chini ni 1.2.

Kwa hiyo muulize sista: "Yurea yake ya mwisho ilishuka kwa asilimia ngapi?" Kituo kizuri hupima kila mwezi au karibu na hapo, na jibu liko kwenye faili. Tulipouliza kule kwa vigae tuliambiwa, "Anaendelea vizuri, msijali." Faili ilipofunguliwa, kulikuwa na vipimo vya kabla tu. Kipimo cha baada hakikuwahi kuchukuliwa hata mara moja.

Hapa niongeze jambo linalowahusu wengi kwetu. NHIF, iliyokuwa bima ya afya ya taifa ya Kenya, ilikuwa ikilipia vikao viwili kwa wiki, na wagonjwa wengi wa Kenya wamezoea hivyo. Ile asilimia 65 haikuwekwa kwa ajili ya vikao viwili. Mtu wa mara mbili kwa wiki anaweza kwenda sawa ikiwa figo zake bado zinatoa mkojo wa kutosha. Ukikauka, vikao viwili havimtoshi. Basi kituo makini humuuliza mgonjwa anakojoa kiasi gani, na mara kwa mara humpa chupa akusanye mkojo wa siku nzima upimwe. Kisichouliza habari ya mkojo kinasafisha kwa kukisia. Angalia pia siku zilivyopangwa. Jumanne na Ijumaa ni sawa. Jumatatu na Jumatano si sawa, kwa sababu sumu na maji vinarundikana kwa siku tano zinazofuata. Hata Marekani, ambako kawaida ni mara tatu, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo huongezeka baada ya lile pengo refu la mwisho wa wiki.

Sasa maji. Hapa ndipo ningependa kila mwenye mgonjwa asimame kidogo, kwa sababu ni jambo kubwa na halionekani.

Mashine hupitisha kama nusu lita ya maji kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita ishirini inayopita kandokando ya damu ya mtu mmoja, imetenganishwa nayo na ukuta wa mrija mwembamba kama unywele. Unapokunywa maji, tumbo na ini vinakukinga. Mgonjwa aliye kwenye mashine hana kinga hiyo. Kilichomo majini kikiweza kupenya chujio, kimeingia damuni.

Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, kaskazini mashariki mwa Brazil, kituo kimoja kilikuwa kikiletewa maji kwa malori kutoka bwawa lililoota mwani, na maji hayo hayakuwa yametibiwa ipasavyo. Kati ya wagonjwa 131, 116 walianza kuona kiwi, kutapika na kuishiwa nguvu. Zaidi ya 50 walikufa kwa ini kuharibika, kwa sumu iliyotolewa na ule mwani. Nikisoma habari hiyo hufikiria maboza yetu ya hapa Mombasa, na visima vya maji ya chumvi, na mabomba yanayotoka leo na kukauka kesho. Kituo cha mji kama huu hakiwezi kuchagua maji yanayokuja. Lazima kiwe na njia ya kuyasafisha yawe yametoka popote.

Njia yenyewe ni chumba cha nyuma ambacho wageni hawaonyeshwi. Omba ukione. Utakuta tangi la kulainisha maji, halafu matangi mawili ya makaa yaliyofuatana, halafu mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba sana. Makaa ndiyo yanayonasa klorini na kloramini, dawa zinazotiwa kwenye maji ya mfereji. Kloramini hupita kwenye ule utando bila shida, na ikifika damuni hupasua chembe nyekundu. Kwa hiyo makaa yakichoka, mtambo wa mamilioni hausaidii kitu. Kipimo cha kloramini hufanywa kabla ya kila zamu ya wagonjwa, na hakitakiwi kuzidi miligramu 0.1 kwa lita. Tulipokwenda kituo cha pili, fundi alitufungulia mlango, akatuonyesha daftari lililotundikwa kwa kamba: tarehe, saa, kipimo, saini. Kurasa zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa. Ukuta wa chumba ulikuwa umebanduka rangi. Nilikiamini kituo kile kwa sababu ya daftari hilo.

Baada ya maji yanayoingia, kuna maji yanayotolewa mwilini. Kila mgonjwa ana uzito wake anaotakiwa kuondoka nao, uzito wa mwili bila maji ya ziada. Wauguzi huuita uzito mkavu. Kinachozidi juu ya huo ndicho cha kuvuta, na kukivuta haraka kunaushtua moyo. Kiwango cha kutovuka ni mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Shangazi ana kilo 60: ni mililita 780 kwa saa, kama lita tatu na kidogo kwa saa nne. Akija amejaa lita nne na nusu, anahitaji kuongezewa muda au kurudi siku nyingine. Kule kwa kwanza walikuwa wanazivuta zote kwa saa tatu, naye anakamatwa na mikakamo ya miguu mpaka analia, presha inashuka, anapewa maji ya mshipani, yaani anarudishiwa yaleyale yaliyotolewa. Mgonjwa akitoka kila mara hajiwezi, hilo si la kuzoea. Waulize ule uzito mkavu ulipangwa lini. Mtu hukonda au hunenepa, na uzito wa miezi sita iliyopita si wake tena.

Na awepo mtu wa kuzungumza naye chakula, kwa lugha ya vyakula anavyovila. Kwa mtu wa pwani, neno potasiamu, yaani madini ya chakulani yanayorundikana damuni figo zikishindwa na kuuvuruga moyo, peke yake halisemi kitu. Mwambie madafu, tende za futari, ndizi, parachichi, ataelewa kwa nini moyo unaweza kusimama Jumapili usiku, mwisho wa lile pengo refu.

Usafi wa mikono mtaukagua wenyewe mkiwa mmekaa: je, muuguzi anabadilisha glavu akitoka kitanda kimoja kwenda kingine? Mashine na kiti vinafutwa kwa dawa kabla ya mgonjwa anayefuata? Mwenye homa ya ini aina ya B awe na mashine yake, mbali na wengine, na wasio nayo wapewe chanjo.

Marekani serikali hulipia wagonjwa wengi wa figo tangu sheria ya mwaka 1972, na kwa kuwa inalipa, inadai hesabu. Tangu 2001 inatangaza takwimu za kila kituo, na mwaka 2015 ikaanza kuvipa nyota, moja hadi tano. Vifo hulinganishwa na vile ambavyo vingetarajiwa kwa umri na maradhi ya wagonjwa wa pale, kwa sababu kituo kinachopokea wazee wenye kisukari hakiwezi kupimwa sawa na kinachochagua vijana. Ni mpango mzuri, na ningefurahi kuuona hapa. Kipimo kimoja wanachokitazama sana unaweza kukitumia leo kwa macho tu: damu hutolewa mwilini kwenda mashine kwa njia gani, yaani ni wagonjwa wangapi wana mpira shingoni, na wangapi wana fistula mkononi.

Mpira wa shingoni ni mlango wa wadudu moja kwa moja hadi moyoni, na ukikaa miezi na miezi hatari huzidi. Fistula ni ateri na mshipa vilivyounganishwa kwa upasuaji mdogo, njia iliyoelezwa na madaktari wa New York, akiwamo James Cimino, mwaka 1966, na mpaka leo haijapatikana iliyo bora zaidi. Inachukua wiki kadhaa hata miezi kukomaa, kwa hiyo kituo kinachomjali mgonjwa kinampeleka kwa daktari wa upasuaji mapema. Shangazi alikaa na mpira miezi saba kule kwa kwanza bila mtu kulitaja neno fistula. Kituo cha pili walilitaja siku ya kwanza.

Sasa kila alfajiri akimaliza kuswali huweka vidole vitatu juu ya fistula yake, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Unatakiwa kuhisi mtetemo, kama wa simu iliyozimwa sauti. Usipohisi, damu huenda imeganda, na inatakiwa kushughulikiwa siku hiyohiyo, usisubiri zamu yako. Namba ya kituo ameibandika kwenye mlango wa friji, na alipoipiga mara moja, saa kumi na moja alfajiri, ilipokelewa.