Maana ya kusoma plagi

Kwenye mialo yetu ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, iwe Ggaba, Kasenyi, Katosi au Masese, mashine ya boti ikianza kutetemeka kwenye silensa, yaani inapozunguka polepole bila resi, na kuzimika kila ukishusha resi, hukumu hutoka kabla kifuniko hakijafunguliwa: plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, zimekufa. Mtu anapanda dukani, ananunua mbili mpya, anafunga. Na siku hizi jambo hilo limepewa jina zuri. Wanasema wamesoma plagi. Wamezitoa, wameona ni nyeusi, wamezitupa.

Kusoma plagi ni kuitoa kwenye silinda na kuangalia rangi na hali ya ncha yake pamoja na ile kauri inayoizunguka, ili ujue moto wa ndani unawakaje. Kauri ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwako ni mzuri. Ikiwa nyeupe ya kuungua, silinda inapata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu petroli inayofika ni kidogo. Ikiwa nyeusi, hapo ndipo tunapoharibu.

Weusi si mmoja. Upo weusi mkavu, masizi yanayobaki kidoleni ukiyagusa. Huo unasema petroli imeizidi hewa: choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia, haijafunguka yote, au kabureta, inayochanganya petroli na hewa, inamwaga. Upo weusi wa utelezi unaong'aa. Huo ni oili. Na ipo plagi iliyolowa, inayonuka petroli mbichi. Hiyo inasema petroli ilifika lakini haikuwaka, kwa hiyo tazama cheche kwanza: koili, waya, kofia ya plagi. Fundi akiniambia tu kwamba "plagi imejaa mafuta" bado hajaniambia kitu, maana petroli na oili hazina dawa moja.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kosa hili linaua mashine za watu wanaozitegemea kwa chakula. Mashine nyingi za mipigo miwili tulizo nazo ziwani, zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, hutaka oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 400 kwa jerikeni la lita 20. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Wengi huongeza oili kwa kuogopa kuunguza pistoni. Plagi zinakuwa nyeusi, silensa inayumba, moshi unajaa. Fundi anaona weusi, anasema petroli imezidi, anabana kabureta. Lakini petroli haikuzidi! Ilikuwa imepungua, kwa sababu kwenye kila tone linalopita kwenye kabureta, sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na oili. Sasa amepunguza hata ile kidogo iliyokuwa inapita, na oili ya ziada bado iko ndani ya tangi. Silensa itazidi kuwa mbaya, na plagi mpya zitakuwa nyeusi wiki haijaisha. Dawa ilikuwa kumwaga mchanganyiko ule na kupima upya kwa chombo chenye alama, si kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Na oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili hiyo imetengenezwa isiache majivu kwenye plagi, tofauti na oili nyingi za pikipiki.

La pili ni wakati wa kusoma. Kabureta ina njia ndogo ya petroli kwa ajili ya silensa na njia kubwa kwa ajili ya mwendo kamili. Boti iliyokuja kutoka visiwa vya Ssese resi ikiwa wazi njia nzima itakuonyesha rangi ya njia kubwa. Plagi hizo zinaweza kuwa safi kabisa na silensa ikawa mbovu vilevile. Kinyume chake, mashine iliyokokota polepole usiku kucha itatoa plagi nyeusi hata kama haina ugonjwa wowote. Ukiuliza habari za silensa, funga plagi safi, pasha mashine moto, iache ikae silensa dakika kadhaa, kisha izime hapohapo. Ile resi ya mwisho ambayo wengi huipiga kabla ya kuzima, kana kwamba wanaiaga mashine, iacheni. Inabadilisha rangi uliyokuwa unaitafuta.

Na zisomwe zote mbili kwa pamoja. Weka alama ipi imetoka silinda ya juu na ipi ya chini kabla hujaziweka mezani, kwa sababu zikishachanganyika nusu ya habari imepotea. Zikifanana, sababu ni kitu kinachogusa silinda zote, kama mchanganyiko au choki. Ikitofautiana moja, ugonjwa uko upande wake. Moja ikiwa imeoshwa, safi kuliko mwenzake bila sababu, shuku maji yanaingia silinda ile na ukague gasketi ya kichwa.

Sikatai, plagi hufa. Kauri hupasuka, ncha huliwa. Ila, fundi wangu, kabla hujatangaza kifo, hamisha ile unayoishuku iende silinda nyingine, ya huko ije kwake, kisha washa. Kasoro ikiifuata plagi, ulisema kweli, nunua nyingine. Ikibaki silinda ileile, plagi haina kosa. Anza na koili, kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya mbano ndani ya silinda.