Maneno ya mwendo katika Kiarabu cha kale: dhana potofu na ukweli

Wengi husema kwamba Kiarabu cha kale kina maneno chungu nzima ya kutembea yenye maana ileile, na kwamba wingi huo ni mapambo ya washairi tu. Anayefungua Fiqh al-Lugha, kitabu cha Abu Mansur al-Tha'alibi wa Nishapur aliyefariki mwaka 1038, anakuta jambo jingine kabisa, kwani humo mwendo hutajwa pamoja na mwenye mwendo. Mtoto mdogo anayeanza kupiga hatua ana darajan, na mzizi wake ndio uliotupa sisi neno daraja. Kijana anayetembea kwa kujitikisa na kujiona ana khataran. Mzee anayekaribianisha hatua zake ana dalif. Na aliyetiwa minyororo miguuni ana rasafan. Katika masimulizi ya mkataba wa Hudaybiya kati ya Mtume na watu wa Makka, mwaka wa 6 Hijria, Abu Jandal bin Suhayl aliyewatoroka watu wake Makka anaingia akiwa na pingu zake, na kitenzi kilichotumika ni yarsufu, cha mzizi uleule wa rasafan. Msikilizaji wa zama zile hakuhitaji kuambiwa kwamba hatua zilikuwa fupi na za taabu, kwa kuwa kitenzi kilikwisha kumwonyesha.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila neno lina mmiliki mmoja. Hadajan ni mwendo wa mzee ambaye miguu yake inatetemeka, lakini pia ni mwendo wa mbuni dume, na aliyewahi kumtazama mbuni akienda mbio zake za kutikisika hatashangaa. Kinachotajwa na neno ni namna ya hatua, na mwenye hatua huja baadaye.

Kosa linalonikera zaidi ni la kumfikiria Bedui mmoja aliyekuwa na orodha yote hii kinywani. Kuanzia karne ya 8, wanalugha wa Basra na Kufa, miji ya Iraki, waliyakusanya maneno kutoka makabila mbalimbali na kutoka mashairi, kisha la kabila hili likaandikwa ubavuni mwa la kabila lile. Kamusi ni ghala la wengi. Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa visawe: mwanalugha Ibn Faris, kwa mfano, alishikilia kwamba kila jina lina maana ya ziada isiyomo katika mwenzake, ilhali wengine waliona visawe ni jambo la kawaida.

Wanafunzi nao huamini kwamba maneno haya hayana mpango wowote, hivyo dawa yake ni kuyakariri tu. Sibawayhi, mwanasarufi wa karne hiyohiyo ya 8, alikwisha kuonyesha kwamba umbo la fa'alan, yaani mzizi wa herufi tatu unaotiwa irabu a na kumalizikia kwa -an, huelekea kwenye maana ya mtikisiko na msukosuko, ndiyo maana ghalayan ni kuchemka kwa chungu. Khataran, hadajan na hajalan, yaani kurukaruka kwa mguu mmoja, zimo katika umbo hilohilo.

Katika Kurani, waja wanaotembea hawnan (25:63) hufikiriwa kuwa watu wa kujikongoja. Wafasiri wanaeleza kuwa ni utulivu usio na kiburi; Mtume mwenyewe anasimuliwa kuwa alitembea kama anayeteremka mteremko, yaani kwa nguvu na kwa kusonga mbele.

Vivyo hivyo, fas'aw, yaani "nendeni upesi", katika aya ya Ijumaa (62:9) haiamuru mbio, kwani hadithi inakataza kuijia sala kwa kukimbia na inaamuru utulivu. Wafasiri wengi wameifahamu kuwa ni kuazimia na kwenda. Hata sai, neno la mzizi huohuo, yaani ibada ya kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa, ambayo wengi wanaodhamiria kuhiji huihofia kama mashindano ya mbio, ni mwendo wa kawaida kwa sehemu kubwa. Harwala, mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, ni sunna kwa wanaume baina ya alama mbili za kijani tu, na wanawake hupita hapo kwa mwendo wao uleule.