Tairi za gari au za pikipiki nyuma ya guta? Tuache kudanganyana kijiweni

Juzi kijana mmoja kaniletea guta lake, ile pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu, anasema tairi za nyuma zimeisha miezi miwili tu na anataka kwenda kumvaa aliyemuuzia. Nikachuchumaa nikaangalia. Katikati ya tairi kuna mstari upana wa vidole viwili umelainika kama kisigino cha ndala, kashata (yale maua ya tairi) hamna kabisa, halafu pembeni huku na huku zile ndevu za mpira ambazo tairi jipya linakuja nazo bado zipo, hazijaguswa. Kucheki ubavuni, 120/70-12, tairi za skuta! Nikamwambia mdogo wangu, mwenye duka muache, umevalisha tairi la mviringo chombo ambacho hakilali.

Na mwenyewe ana jibu lake tayari, lile lile la kijiweni: guta ni pikipiki kwahiyo linavaa tairi za pikipiki. Hii ndo dhana potofu mama wa zote. Usukani wa pikipiki sawa, injini ya pikipiki sawa, lakini nyuma pale ni ekseli yenye magurudumu mawili, na magurudumu mawili hayalali kona. Bodaboda akiingia kona analaza chombo, tairi linahama katikati linakanyagia ubavu, ndo maana mgongo wake wameufanya mviringo. Guta linatembea wima mwaka mzima, tairi mviringo linakanyaga kamstari kale kale tu, mpira mwingine wote uliolipia unapigwa upepo. Kwenye kona ndo balaa, maana halilali, linasukumwa kwa pembeni na mzigo wote uko juu, na tairi la pikipiki halikuumbwa kwa msukumo huo. La gari uso wake ni bapa na ukuta wake umetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Hata Harley-Davidson walipotoa Tri Glide yao ya miguu mitatu, modeli ya 2009, mbele waliacha tairi la pikipiki, nyuma wakaweka saizi ya gari, 205/65R15. Ile haibebi hata tofali moja, ni chombo cha wazee wa Marekani kutembelea, ila kona ni kona.

Rimu za spoku nazo ni ugonjwa huo huo. Kuna mzee mwenye ulemavu wa miguu alichomelewa pikipiki yake iwe ya miguu mitatu, nyuma wakamwekea rimu mbili za bodaboda kama zilivyo. Alipofika kwangu ukizungusha gurudumu linayumba kama mtu katoka kilabuni, spoku nne zimekatika upande mmoja. Spoku zinabeba vizuri mzigo unaotoka juu, msukumo wa pembeni kila kona haziuwezi muda mrefu. Tukamtafutia rimu za chuma za kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo.

Sasa wengine wakishasikia hivi wanarukia upande wa pili, basi tairi lolote la gari linafaa alimradi linaingia. Taratibu jamani. Guta nyingi za mizigo za Kichina nyuma zina rimu za inchi 12 na zinatoka kiwandani na 4.50-12 au 5.00-12, hizo ni tairi za guta zenyewe na ziko sawa, hakuna anayekulazimisha kuziacha. Watu wanahamia 145R12 au 155R12 za kirikuu kwa sababu zinaingia rimu 12 na zinapatikana kirahisi. Ila rimu nyingi za guta ni za tyubu, hazina kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia tairi la tubeless (lisilo na tyubu) lisichomoke ukingoni upepo ukipungua. Fundi akikwambia "hili halihitaji tyubu kaka" mwambie aweke tyubu, tena ya radial kama tairi ni radial (lile lenye R kwenye saizi, kama 145R12). Na kulazimisha tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki kwa sababu zote zimeandikwa 17, achana nayo kabisa, kile kikalio, pale tairi linapokaa kwenye rimu, hakifanani, utamkuta fundi anajaza upepo mpaka tairi lilie "pwaa" likae, siku likipasuka mkononi mwake tutachanga.

(Wa bajaji, rimu zenu za 8 ni vipande viwili vimebanwa na nati. Toeni upepo wote KABLA ya kugusa nati hizo. Hili halihusiani na mada ila nalisema kila nikipata nafasi.)

Kitu ambacho karibu hakuna anayesoma ni ile namba ya mzigo ubavuni. Tairi za yule kijana zimeandikwa 51. Hiyo 51 maana yake kilo 195 kwa tairi moja, mbili ni 390. Yeye mwenyewe kaniambia kawaida yake ni mifuko kumi ya saruji, hiyo ni kilo 500 bado hujaweka uzito wa bodi, ekseli na yeye mwenyewe. La gari dogo lenye 74 linabeba kilo 375, la kirikuu lenye 86 linabeba 530. Ndo maana sisemi "la gari" tu nikaishia hapo, kuna tairi za gari laini za kubebea abiria wanne na kuna za mzigo, zote 12, dukani zimening'inia pamoja. Ile PR (ply rating) ya ubavuni nayo watu wanadhani 8PR ni nyuzi nane ndani, siku hizi ni daraja la nguvu tu, usihesabu nyuzi.

Upepo hapa nakiri kosa langu. Mara ya kwanza kuvaa za kirikuu nilijaza PSI 40 kama nilivyozoea kuona kwenye kirikuu chenyewe, nikapakia trei za mayai, kamzigo kepesi. Guta likawa linadunda kama mpira wa kitenesi, nikifika sokoni trei za chini zinatiririka. Guta tupu ni jepesi sana kuliko gari, kwahiyo upepo wa gari unalifanya tairi livimbe katikati na unarudi kule kule kwenye kuliwa katikati. Piga mstari mnene wa chaki kukatiza tairi zote mbili, tembea mita hamsini barabara iliyonyooka ukiwa na mzigo wako wa kila siku, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, punguza upepo, ikifutika pembeni tu, ongeza. Ila usizidi kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, na usishushe mpaka ubavu umevimba kama shavu lenye jino bovu.

Kuhusu tairi pana kushika zaidi, kwenye lami kavu na mchangani ndiyo. Mvua ikikaa barabarani, chombo chepesi chenye tairi pana kinapanda juu ya maji upesi kuliko chenye tairi jembamba, kwahiyo siku ya mvua ukiwa mtupu usikimbie. Na kuna vyombo vya miguu mitatu vinavyolala kona, kama Piaggio MP3 iliyotoka 2006 yenye mawili mbele, hivyo vinabaki na tairi za pikipiki maana vinalala kweli.

Kijana akanielewa, akahesabu hela, akaniuliza: "Sasa bro si nichukue moja leo la kulia ndo limeisha zaidi, jingine mwisho wa mwezi?" Nikamwonesha difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma. 145/80R12 kimo chake ni kama milimita 537, la skuta lake lilikuwa kama 473 likiwa jipya. Ukiweka moja moja, la dogo lazima lizunguke haraka zaidi ili kwenda sambamba na kubwa, na gia ndogo za ndani ya difu ambazo zimewekwa kwa ajili ya kona zitafanya kazi kutwa nzima hata barabara ikinyooka, ukiacha kwamba bodi litalala upande mmoja na mzigo utafuata. Zinabadilishwa mbili, saizi moja, aina moja, na unasoma zile tarakimu nne za tarehe, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama linang'aa.

Guta likalala kwangu siku tatu, siku ya nne akaja na hela ya la pili na kipande cha chaki mfukoni.