Uzamili wa programu za wakati halisi: kasi siyo hoja

Dhana: Programu ya wakati halisi ni programu yenye kasi. Nunua prosesa kali, kazi imekwisha.

Ukweli: Hoja ni kumaliza ndani ya muda uliowekwa, kila mara. Mfuko wa hewa wa gari una milisekunde 30 hivi za kujaa. Ukichelewa, uso wa dereva umeshafika kwenye usukani. Kompyuta inayotumia milisekunde 5 kwa wastani, kisha siku moja ikachukua 60, hapo haifai. Afadhali ya polepole isiyovuka 20 hata siku moja. Ndiyo maana darasani wastani hauna heshima, kinachokokotolewa ni hali mbaya kuliko zote. Mwaka 1973 wataalamu wa kompyuta Liu na Layland walithibitisha kwamba kazi zisizotegemeana, zile zinazojirudia upesi zikipewa kipaumbele, hazichelewi kamwe zikitumia chini ya 69% ya prosesa. Hesabu hiyo bado inafundishwa, na inastahili.

Dhana: Ni somo la waliosoma kompyuta tu.

Ukweli: Waliosoma umeme na mekatroniki (mashine zinazoongozwa na kompyuta) wanalimudu vizuri, maana breki na lifti wanazifahamu tayari.

Dhana: Mwenye uzoefu hana haja ya kurudi chuoni, kasoro atazikamata kwenye majaribio.

Ukweli: Hapa ndipo ninapowasihi vijana wasikilize. Pathfinder, chombo cha anga cha NASA, ilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha. Kazi ndogo, yaani yenye kipaumbele cha chini, ya kupima hali ya hewa ilishika kufuli la data, linaloruhusu kazi moja tu kuitumia data kwa wakati mmoja. Kazi kubwa, yenye kipaumbele cha juu, ikawa inalingoja kufuli hilo. Ikaingia kazi ya kati, ikainyang'anya ile ndogo prosesa, na kufuli likabaki mkononi mwa ile ndogo. Mlinzi wa muda, yaani sehemu ya programu inayokagua kama kazi zimemalizika kwa wakati, alipoona kazi kubwa haijamaliza, akawasha mfumo upya.

Dalili zilijitokeza tangu majaribio ya Duniani, ila wahandisi hawakuweza kuzirudia. Uzoefu walikuwa nao tele. Dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa na watafiti Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990: aliyeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayelingoja, amalize haraka, aliachie. Uwezo huo ulikuwamo ndani ya mfumo endeshi wa Pathfinder, umezimwa. Wahandisi wakatuma mabadiliko ya vigezo vichache kutoka Duniani, wakauwasha.