Usimamizi wa Utengamao wa Kazi kwa Vijana Wenye Ulemavu: Mzazi, Chuo na Mwajiri Wafahamu Nini

Kila msimu wa kupokea wanachuo wapya unapokaribia, ofisi zinazoshughulikia huduma kwa watu wenye ulemavu hupokea barua na simu kutoka kwa wazazi, walezi na mara nyingine vijana wenyewe. Safari hii malalamiko yamekuwa mengi kuliko tulivyozoea, nayo yamejikita katika mambo matatu: kijana kupangiwa fani asiyoiweza, kijana kukaa karakana moja mwaka mzima bila kushika kifaa, na kijana aliyehitimu kurudi nyumbani na cheti kisha akakaa barazani. Yote matatu yanagusa usimamizi wa huduma, na kwa kuwa sehemu ya malalamiko inatokana na watu kutofahamu usimamizi huo unafanyika vipi, nimeona ni vema nieleze kwa kirefu.

Utengamao wa kazi, ambao wengi bado wanauita marekebisho kwa mazoea ya majina ya vyuo vyetu, una maana inayofahamika kimataifa. Mkataba Na. 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unaeleza kwamba lengo lake ni kumwezesha mtu mwenye ulemavu kupata kazi inayomfaa, kudumu nayo na kupanda ndani yake, ili hatimaye awe na nafasi yake katika jamii. Naomba msomaji avitazame vitenzi hivyo vitatu: kupata, kudumu, kupanda. Mzazi anapomwambia afisa wetu, "Mchukueni tu, hapa nyumbani hakuna wa kukaa naye," tunamwelewa, maana tunaujua mzigo aliobeba miaka yote hiyo, lakini ni lazima tumweleze wazi kwamba chuo hakikujengwa ili kumhifadhi mtu. Kijana anayeletwa chuoni ili nyumba ipumue huanza mafunzo akiwa hana habari na fani anayokwenda kusomea, na mara nyingi huyaacha kabla ya mwaka kwisha.

Serikali inavyo vyuo vya ufundi stadi vilivyowekwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, vikiwamo Yombo jijini Dar es Salaam, Luanzari mkoani Tabora, Sabasaba Singida, Masiwani Tanga, Mirongo Mwanza na Mtapika mkoani Mtwara. Zaidi ya hivyo, vyuo vya VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo hupokea vijana wenye ulemavu, na kwa kijana ambaye mazingira ya chuo cha kawaida yanamfaa, huko ndiko tunakomshauri aende kwanza. Hakuna sheria inayosema kijana mwenye ulemavu asome na wenzake wenye ulemavu pekee. Nalirudia jambo hili kwa sababu bado tunakuta wakuu wa vyuo wanaowarudisha wazazi getini kwa maneno kwamba "watoto wa namna hii wana chuo chao".

Safari ya huduma huanzia kwenye tathmini, na hapa ndipo makosa mengi ya baadaye huzaliwa. Tathmini ya utengamao haiishii kwenye cheti cha daktari. Daktari atatueleza kwamba mguu wa kushoto hauna nguvu, au kwamba uoni ni hafifu. Hatatueleza kama kijana anaweza kukaa saa nne mfululizo kwenye benchi, kama anazijua hesabu za kutosha kupima mbao, kama anaogopa umeme, kama nyumbani kwao kuna soko la kitu atakachojifunza kukitengeneza. Mambo hayo huulizwa na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri akiwa na kijana mwenyewe, na nasisitiza neno mwenyewe. Tumeona fomu zilizojazwa na mjomba kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu iliyoandikwa "fani ninayoipenda". Kijana mwenye umri wa miaka 19 au 22 ni mtu mzima. Kama ni kiziwi, aulizwe kwa Lugha ya Alama kupitia mkalimani, na kama ana ulemavu wa akili, aonyeshwe karakana na apewe nafasi ya kugusa vitu, kwa maana wengi wao huonyesha wanachokitaka kwa mikono kabla ya kukisema.

Nitatoa mfano mmoja ambao niliuona mimi mwenyewe katika chuo ambacho sitakitaja. Katika karakana ya ushonaji kulikuwa na kijana aliyepooza miguu yote miwili tangu utotoni. Rejista ya mahudhurio ilionyesha kwamba hakuwahi kukosa hata siku moja, na mwalimu alimsifu mbele yetu kwa nidhamu. Nilipomwomba anishonee mshono ulionyooka kwenye kipande cha kitambaa, alinyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hutunga uzi kwenye sindano za wenzake na kukata vifungo. Cherehani zote zilikuwa za kukanyaga. Kwa miezi minane kijana huyu alikuwa akipelekwa kila asubuhi mbele ya mashine inayoendeshwa kwa miguu, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba kinachohitajika ni cherehani ya mkono au mota ndogo ya kufunga kwenye ile iliyopo. Hakukuwa na mtu mwenye nia mbaya katika chuo kile. Aliyempanga aliamini tu kwamba kushona ni kazi ya kukaa, na kwamba kazi ya kukaa humfaa asiyeweza kutembea.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, ukaguzi wetu hautosheki na rejista. Tunapofika chuoni tunaomba kwanza mpango binafsi wa mafunzo wa kila mwanachuo, ambao unapaswa kuonyesha ulemavu wake unagusa vipi fani aliyopangiwa, vifaa saidizi anavyovihitaji, nani anapaswa kuvipata na kwa tarehe ipi. Pili, tunafungua kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo na kukilinganisha na stoo: kama kitabu kinasema wanachuo kumi walichomelea mageti mwezi uliopita, stoo ionyeshe vijiti vya kuchomelea vilivyotumika. Tatu, tunamwomba kijana afanye kazi mbele yetu. Nne, tunazungumza naye bila mwalimu kuwapo, na kwa kiziwi hatukubali mwalimu wake awe mkalimani wa malalamiko yanayomhusu mwalimu huyo. Tano, tunaangalia njia, vyoo, mabweni na mwanga. Kijana mwenye ualbino anayefundishwa useremala chini ya mwembe, bila kofia pana, bila mikono mirefu na bila losheni ya kumkinga na jua, anaumizwa ngozi na macho kwa jina la mafunzo, na ripoti itasema hivyo hivyo. Mkuu wa chuo hupewa nakala ya ripoti, hujibu kwa maandishi hoja kwa hoja, na hoja isiyojibiwa huhesabiwa kuwa imekubaliwa katika ukaguzi unaofuata. Wazazi wafahamu pia kwamba chuo chochote, kiwe cha serikali, cha dini au cha mtu binafsi, kinapaswa kuwa na usajili wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Asiyeonyeshwa cheti cha usajili asilipe ada.

Sasa niwageukie waajiri, ambao hapa nitaomba radhi kama nitaonekana mkali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Sharti la kutenga nafasi si geni: sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu ya mwaka 1982, iliyokuwapo kabla ya hii, iliweka asilimia 2 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi. Hata hivyo bado tunaletewa hoja kwamba asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, na kwa kuwa hakuna binadamu wa 0.6, basi mwajiri hadaiwi mtu. Hesabu hiyo ni ya kukwepa. Sheria imesema isipungue. Mwenye wafanyakazi 20 akiajiri mmoja amefikia asilimia 5, ametimiza. Asipoajiri yeyote ana sifuri, na sifuri ni pungufu ya 3. Kwa namna hiyo hiyo mwenye wafanyakazi 50 anahitaji wawili, mwenye 70 anahitaji watatu, na mwenye 120 anahitaji wanne, kwa kuwa 3.6 haitimizwi na watatu. Afisa Kazi, kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, anaweza kuingia mahali pa kazi katika saa zinazofaa bila kutoa taarifa, kuomba kumbukumbu na kuwahoji wafanyakazi. Jina lililoko kwenye orodha ya mishahara huku mwenyewe ameambiwa akae nyumbani halitambuliwi kuwa ajira. Kuikiuka Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani, na tusingependa kufika huko na mwajiri ambaye angeweza kutupigia simu akaelezwa.

Kwa anayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo anayeambiwa kwamba haipo tena amepewa habari ya zamani. Ni mkopo, hurejeshwa.

Anayetaka kulalamika aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake au Kamati ya Watu Wenye Ulemavu ya mtaa au kijiji. Aandike jina la chuo au mwajiri, fani, tarehe alipoanza, jambo lililotokea na hatua alizokwishachukua. Barua isemayo "mwanangu ananyanyaswa" na kuishia hapo hutuumiza, kwa sababu hatuna pa kuanzia. Asiyeweza kuandika aje azungumze, tutamwandikia na kumsomea kabla hajaweka dole gumba. Asiogope kwamba kijana ataondolewa chuoni; hilo likitokea, ni kosa jipya na litaandikwa peke yake.

Usimamizi unaendelea baada ya mahafali. Tunapaswa kumfuatilia mhitimu pale alipo, tukiuliza kama anafanya kazi aliyoisomea, analipwa nini, na nini kimeharibika. Yule kijana wa ushonaji alifungiwa mota, akamaliza, na sasa anashona sare za shule katika fremu ya fundi mmoja mjini kwao. Nilipomtembelea alinionyesha kola aliyoikunja bila hata kutazama, vidole vikienda vyenyewe. Kisha akanieleza kwamba wenzake hulipwa kwa kila shati nzima, naye hulipwa nusu ya bei hiyo kwa kisingizio kwamba umeme wa mota yake ni gharama. Faili lake bado liko wazi mezani kwangu, na mwenye fremu ameitwa.