CHAP haifichi data

Fundi akishaweka CHAP (njia ya ruta mbili kuthibitishana) kwenye laini ya PPP (itifaki ya kuunganisha ruta mbili moja kwa moja) kati ya ruta ya Arusha na ya Moshi, utamsikia: “Hapa hakuna wa kuchungulia.” Siyo kweli. CHAP inathibitisha tu nani yuko upande wa pili. Ruta moja inatuma namba ya kubahatisha, nyingine inaichanganya na nenosiri kwa MD5 (fomula ya njia moja, isiyorudishwa nyuma) na kurudisha jibu. Nenosiri halisafiri, tofauti na PAP, njia nyingine ya kuthibitisha, inayolitoa wazi kabisa. Lakini faili la mishahara linapita kama lilivyo. Kulificha ni kazi ya IPsec, itifaki za kusimba data.

Na kwenye ruta za Cisco (hapa ndipo wengi hukwama), kwenye amri ya username ruta ya Arusha huandikiwa jina la ruta ya Moshi, siyo jina lake, na nenosiri liwe lilelile pande zote mbili.